Njia Zote Zinaanzia Kwenye Basi Bovu

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimepata! Nimechaguliwa kuwaongoza wanafunzi wapya, kuwaonyesha chuo. Mshauri wa wanafunzi ameahidi chumba cha bweni kwa kiongozi ambaye kundi lake litamaliza kusajiliwa kwanza keshokutwa. Chumba! Mwaka mzima nalala sebuleni kwa mjomba, na mjomba hazimi televisheni. Tatizo dogo tu: chuo chenyewe sikijui. Najua darasa langu na kantini. Mpinzani wangu ni yule wa mwaka wa tatu tunayemwita Ramani. Anajidai huyo!

Jumanne, 7 Oktoba
Nina akili mimi! Pale njia panda kuna basi bovu la chuo, halina magurudumu, limeota majani. Nimemwomba mlinzi anielekeze kila mahali kuanzia hapo. Maktaba, kulia kwa basi. Zahanati, nyuma ya basi. Usajili, lipe basi mgongo, nyoosha moja kwa moja. Nimekariri yote. Jioni nimekutana na kundi langu, nikawatajia njia zote, wamenisifu sana. Ila kuna binti mmoja mfupi, anavyowapanga wenzake tumembatiza Shangazi. Kaniuliza, je, basi likiondoka? Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Liende wapi lile?

Jumatano, 8 Oktoba
Limeondoka! Limevutwa alfajiri. Nimeduwaa pale njia panda, kundi zima nyuma yangu, Ramani anapita na watu wake akipiga mluzi. Nikasema kwa sauti nzito kwamba sisi tunapita njia ya mkato. Tukapita jikoni. Tukapita kwa mafundi bomba. Jikoni tena! Mpishi akauliza kama tumekuja kuosha vyombo. Jasho chapachapa. Mwisho nikasukuma mlango wowote tu, liwalo na liwe. Mlango wa nyuma wa usajili! Makarani ndiyo kwanza wanakaa. Ramani bado yuko kwenye foleni ya mbele, juani, sisi tumeshamaliza.

Mara mshauri huyu hapa, anauliza kwa ukali nani katupitisha huku. Nikajua chumba ndiyo basi tena. Shangazi akajibu kwamba ni kiongozi wao, anakijua chuo mpaka vichochoro. Wote wakaitikia. Mshauri akanikabidhi ufunguo.

Nje Shangazi akaninong'oneza kwamba walijua nimepotea tangu jikoni mara ya kwanza. Machozi yalinilenga. Watu hata hawanijui, wamenisitiri. Mungu awabariki wote.

Alhamisi, 9 Oktoba
Naandika nikiwa kitandani. Kitanda! Kimya! Nawashukuru Shangazi na wenzake, namshukuru mlinzi, namshukuru hata mpishi. Wema huu lazima niulipe. Kesho nawapeleka maabara, na safari hii hakuna kubahatisha: nimekariri njia zote upya, kuanzia kwenye gari jeusi la mkuu wa chuo. Limeegeshwa palepale lilipokuwa basi, na tangu asubuhi halijasogea hata kidogo.