Viatu vya Chumba Namba 14

Jumatatu, 4 Machi

Barua kutoka kwa Mkuu wa Kitivo. Mistari mitano, na nukta moja imekosewa. Somo langu la Ushairi wa Kijapani litafungwa mwisho wa muhula, isipokuwa mhadhara wangu wa Ijumaa upate wasikilizaji ishirini. Atapita mwenyewe kuwahesabu. Ishirini! Nimefundisha hapa miaka ishirini na mitatu, na leo napimwa kwa idadi ya makalio yaliyokalia mkeka.

Saa hiyohiyo ya Ijumaa, ukumbi mkubwa una Siku ya Katuni. Mwandaaji ni jirani yangu wa ofisi, anayefundisha filamu za Kijapani za kuchora. Wanafunzi wanamwita Sensei, yaani mwalimu kwa Kijapani. Mimi wananiita Mzee wa Kimya. Natumaini ni kwa sababu ya mada yangu, "Ukimya katika Ushairi".

Jumanne, 5 Machi

Sensei amekuja ofisini na shati lenye picha ya paka. Amesikia habari ya barua. Akanishauri, kwa upole unaotia kichefuchefu, nisogeze mhadhara mbele saa moja. Yeye akimaliza saa nne, atawaleta watu wake wote Chumba namba 14. Tisini hivi, alisema.

Nikamwambia sipokei makombo ya mtu. Nikamwambia pia kwamba taifa linaloacha ushairi likashangilia paka wanaorusha moto limekwisha, halijui tu. Akasema sawa, Mwalimu, ila mlango uko wazi. Nikaufunga.

Kamusi alikuwa kwenye korido, amesikia yote. Ni mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu, kamusi haimtoki kwapani. Akaniomba nifikirie upya, kwa sababu somo likifungwa atabaki na tasnifu isiyo na msimamizi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nina mpango. Sikuwa nao.

Jumatano, 6 Machi

Sasa ninao.

Chumba namba 14 ndicho pekee chenye mikeka ya majani. Kila anayeingia huacha viatu mlangoni, ndio utaratibu wetu. Na Mkuu hajawahi kuvua viatu vyake. Huvaa buti za kamba mpaka karibu na goti, kuzifungua ni kazi ya robo saa. Mwaka jana alipokuja kutukagua aliishia mlangoni, akahesabu viatu, akaandika kwenye daftari, akaenda zake.

Mwacheni ahesabu.

Nimezungumza na mtunza vifaa vya michezo. Nikamwambia ni maonyesho kuhusu mwili na ardhi. Hakuelewa, ndiyo maana akakubali. Jozi kumi na moja za viatu vya mpira, tope likiwa bado mbichi.

Alhamisi, 7 Machi

Zimebaki jozi tisa zifike ishirini. Nne ni zangu. Mbili za dada yangu, ambaye tangu msiba anaishi nami ili, kwa maneno yake, nisife kwa ubishi. Mbili jirani wa nyumbani alikuwa amezitupa.

Ya tisa ilikuwa juu ya kabati, ndani ya boksi. Viatu vya kahawia vya mke wangu, vyenye mkanda. Alivivaa kazini maktaba ya chuo, hadi wiki aliyolazwa.

Dada akanikuta juu ya stuli. Hakuniuliza nafanya nini. Alisema tu, "Hivyo viache, mdogo wangu."

Nikamweleza kuhusu ishirini. Akasema maisha yake yote hajaona mtu anayekwenda kushindwa kwa maandalizi makubwa namna hii. Akatoka. Nikashuka na boksi.

Ijumaa, 8 Machi

Nilipanga viatu tangu asubuhi, visigino ukutani. Ungedhani kuna mkutano wa hadhara.

Saa tatu walioingia ni watatu: Kamusi, tarishi mstaafu asiyekosa mhadhara wowote tangu apoteze redio yake, na msichana mmoja aliyevaa mbawa za karatasi. Huyu alikuwa akitafuta ukumbi mkubwa, akaona aibu kutoka. Kelele za katuni zilipenya ukutani. Nikafunga mlango, nikaanza.

Dakika ya kumi, hatua za buti koridoni. Zikasimama. Nikamsikia Mkuu akihesabu kwa kunong'ona. Kumi na tisa. Ishirini. Ishirini na tatu. Kisha akahesabu tena, na sauti yake, naapa, ilikuwa ya furaha.

Kisha kamba zikaanza kufunguliwa.

Sikulifikiria hilo. Kwamba angefurahi. Kwamba baada ya miaka yote angetaka kuingia.

Mlango ukafunguka, akasimama na soksi zake za kijivu. Akatutazama wanne. Akaketi mkekani, akasikiliza dakika arobaini bila kutikisika. Tarishi alisinzia. Nilipomaliza, Mkuu akauliza wengine wako wapi.

"Wametoka kidogo," nikasema.

"Bila viatu, Mwalimu?"

Tarishi aliamka, akapiga makofi.

Mlangoni Mkuu aliinama kuchukua buti, akasita. Aliokota kiatu kimoja cha kahawia. Alikuwa akiazima vitabu kwa mwenye viatu hivyo kwa miaka kumi na tisa. Akakirudisha taratibu pembeni ya mwenzake, akaenda koridoni na soksi, buti mkononi. Nadhani alikuwa anaficha hasira.

Kamusi akaniambia wenzake ishirini na sita walikuwa tayari kuja, kama ningeanza saa nne. Alikuwa na orodha. Nikamwambia wenye mapenzi ya kweli hawachagui saa. Akakunja orodha, hakunitazama tena.

Jumatatu, 11 Machi

Somo limefungwa. Mistari mitatu safari hii, nukta zote sahihi. Kamusi amehamia kwa Sensei, ambaye amekubali kumsimamia. Alikuja kuaga. Nilimpa mkono kwa heshima na kumwonya kuhusu paka.

Sensei naye ameleta ombi: nifundishe vipindi viwili vya ushairi katika somo lake, kila mwezi. Nimemjibu kwa kurasa nne. Dada amesoma ya kwanza, akaenda kulala saa tisa mchana.

Alhamisi, 14 Machi

Ratiba mpya imetoka. Muhula ujao nimepewa Stadi za Mawasiliano. Somo la lazima kwa mwaka wa kwanza wote, wanafunzi mia tatu na kumi. Dada anasema ni nafasi ya kuanza upya, nishukuru, nifuate mtaala, ninyamaze.

Nimeusoma mtaala. Wiki ya kwanza, barua rasmi. Wiki ya pili, stadi ya kusikiliza. Wiki ya tatu mpaka ya kumi na tano hakuna atakayekuja kukagua. Ushairi wa Kijapani, kuanzia karne ya nane, kwa mpangilio. Mahudhurio ni asilimia themanini, la sivyo hawafanyi mtihani.

Mia tatu na kumi! Hatimaye wamenipa umati usioweza kukimbia.