Miguu ya Kitwitwi wa Kitisuru

Kwa Bi. Simran,
Mwenyekiti, Chama cha Watazama-Ndege wa Jumapili,
Nairobi.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

KUH: KUFUKUZWA KWA HARBANS CHAMANI

Natumai u mzima. Mimi si mzima. Nina hasira tangu Jumapili.

Utakumbuka kwamba kule bwawani Kitisuru tulimwona kitwitwi, kandege kadogo kanakokimbia baridi ya kaskazini na kuja kutembea matopeni kwetu kama mtu aliyeangusha funguo. Harbans, muuza vipuri wa Ngara na rafiki yangu wa zamani (tilia mkazo zamani), alitangaza kwamba miguu ya ndege huyo ni ya manjano, basi ni yule wa nadra. Mimi niliona miguu myeusi, yaani ni yule wa kawaida. Wewe ukaandika daftarini yule wa Harbans. Malalamiko yangu ni haya:

1. Duka la Harbans limepakwa rangi anayoiita krimu. Ni waridi. Nenda ukaone.

2. Aliniambia mbele ya wageni, "Were, macho yako imechoka, kaa chini kidogo." Mimi, niliyefundisha jiografia hadi nikastaafu! Najua ndege huyo anatoka wapi, sembuse miguu yake.

3. Kwa Harbans kila ndege ni wa nadra. Tukimwachia, kesho kuku wa Kenyatta Market ataandikwa kuwa amehamia kutoka Siberia, nasi tutasimama kando ya jiko tukimpiga picha.

4. Kwa hiyo afukuzwe, kitwitwi aandikwe upya, na Harbans asitazame hata njiwa wa mjini bila kibali chako. Mimi mwenyewe nimeshaanza kumwadhibu: Jumamosi hii hatutakula pamoja nyama yetu ya kila wiki. Ataumia, na anastahili.

Wasalimie wanachama wote, pamoja na Mzee Nayan na goti lake.

Wako mpenda ukweli,
Mwl. Clifford Were

N.B. Darubini ni ya Harbans. Nikitaka kuchungulia huvua miwani yangu, naye hunishikia miwani hiyo. Jumapili niliondoka kwa hasira kabla hajanirudishia, na hata barua hii siioni vizuri. Kama kuna mahali nimeandika kwamba miguu ni ya manjano, acha hivyo hivyo. Tafadhali mwambie aniletee miwani Jumamosi, meza yetu ile ile. Nimeshaagiza mbavu za watu wawili, na peke yangu sizimalizi.