Filimbi ya Paredi na Kaptura Yangu Mpya

Ireri na Nyaga, rafiki zangu,

Kwanza nisameheni mwandiko. Mnanijua, naandika polepole kama mtu anayechora, na leo nina hasira. Mkikuta herufi imepotea, iwekeni wenyewe. Barua hii ataileta mpishi wa shule, ambaye kwao ni huko Kianjokoma, kwa hiyo hakuna mwalimu atakayeifungua. Nitasema yote.

Leo nimepata aibu ambayo sijawahi kupata tangu nizaliwe. Siku yangu ya kwanza sekondari! Kabla hata jua halijapanda!

Nianze na kaptura. Mnakumbuka kitambaa cha kaki alichonunua mama? Fundi wa cherehani, yule wa barazani kwa Mhindi hapa Embu mjini, alisema hakitoshi. Mama akamwomba ajaribu. Akajaribu. Alinipima nimesimama wima kama mlingoti, akanishonea kaptura ya kusimama wima kama mlingoti. Kutembea naweza. Kuketi naweza, nikienda taratibu. Zaidi ya hapo, hapana. (Nilimwambia inabana. Akaniambia, "Wewe unakwenda kusoma au kucheza ngoma?")

Shule yenyewe ni mpya, iko pembeni mwa mji, juu ya barabara ya kwenda Meru. Bweni letu zamani lilikuwa ghala la mahindi. Mahindi yaliondoka, panya walikataa. Jana jioni wavulana wa kidato cha pili walitubebesha maji na kutuuliza majina mara kumi kumi, kisha wakacheka namna tunavyojibu. Mimi nilijibu kwa sauti ndogo. Wakasema, "Huyu amemeza sauti yake na uji." Mnanijua.

Asubuhi tukanywa uji, tukaambiwa twende uwanjani kwa paredi. Tukapangwa mistari. Mimi mstari wa mbele kabisa, kwa sababu ya ufupi. Kulia kwangu alikuwa Mugambi, mvulana aliyenizidi urefu kidogo tu, kutoka upande wa Meru, mcheshi sana, mwenye maneno mengi. Mbele yetu walimu. Katikati yao mkuu wa shule, Mzungu mwenye soksi hadi magotini.

Basi, Mwalimu Kithinji, mwalimu wa zamu, akatoa filimbi mfukoni. Akaipuliza.

Priiiii!

Wavulana wote wakakaza miguu, wakanyoosha vifua.

Mimi nikachuchumaa chini, mikono kichwani.

Msiniulize kwa nini. Ninyi mnajua kwa nini! Miaka miwili kijijini, kila asubuhi, homugadi, yule askari wa chifu, akipuliza filimbi ile, wote chini, mikono kichwani, na wa mwisho kufika chini anapata rungu la mgongo. Sikufikiri. Magoti yalikwenda yenyewe. Magoti yangu yana masomo mengi kuliko kichwa.

Na kaptura ikapasuka.

Haikupasuka kidogo. Ililia kama mtu anayerarua gunia, kutoka mkandani hadi chini kabisa. Nikasikia upepo wa mlima ukiingia mahali ambapo haujawahi kuingia.

Kisha wakacheka! Shule nzima! Mugambi alicheka mpaka akashika tumbo.

"Simama, wewe," akasema Mwalimu Kithinji.

Sikusimama. Nisimame vipi? Nyuma yangu kulikuwa na mistari minne ya wavulana wenye macho.

"Nimesema simama!"

Nikatikisa kichwa. (Mikono bado kichwani. Niliisahau huko.)

Hapo mkuu wa shule akaja. Soksi zile zikasimama mbele ya pua yangu.

"Hii kijana iko na nini?" akauliza. "Nakataa amri?"

"Sijui, bwana," akasema Mwalimu Kithinji. "Amefika jana tu."

"Mimi hapana taka mtu ya kugoma hapa. Kama nagoma, rudisha yeye kwa chifu leo leo. Andika barua."

Rafiki zangu, kicheko chote kiliniisha masikioni. Mnajua mama alivyopata ile pasi yangu ya kutoka kijijini. Mnajua alichimba handaki la kuzunguka kijiji majuma mawili zaidi ya wenzake, ndipo mzee wa kijiji akakubali kumwambia chifu kwamba mimi ni kijana safi, sijala kiapo cha watu wa msituni. Na mnajua kijana anayerudishwa na barua yenye neno "kugoma" anapelekwa wapi. Hapelekwi kwa mama yake, anapelekwa kizuizini.

Basi nikafungua mdomo. Mimi! Ambaye hata kanisani naimba kimoyomoyo! Na kwa sababu ya woga, sauti ikatoka kubwa kama ya mnadani:

"Bwana, sijagoma! Kaptura imepasuka!"

Wakacheka tena. Hata mpishi alicheka, nilimwona mlangoni. (Mwambieni nilimwona.)

Mkuu wa shule hakucheka. "Lakini kwa nini nakaa chini?"

"Filimbi imelia, bwana."

"Nini?"

"Filimbi ikilia tunachuchumaa. Kijijini. Asiyechuchumaa anapigwa."

Hapo kicheko kikakatika. Kikaisha kabisa, kama moto uliomwagiwa maji. Mkuu wa shule akamtazama Mwalimu Kithinji. Mwalimu Kithinji akaitazama filimbi, kisha akairudisha mfukoni polepole. Akavua koti lake, akanifunga kiunoni, akaniinua kwa kwapa.

"Hapa tunasimama, kijana," akasema. "Umesikia? Hapa tunasimama."

Mkuu wa shule akasema, "Hapana andika barua," akaenda zake ofisini. Basi. Hakuna aliyesema pole.

Nimebaki shuleni. Nimeishona kaptura kwa uzi wa katani, sasa inakwaruza. Na nimepewa jina. Wananiita Filimbi. Mugambi ndiye aliyelianzisha.

Lakini nitawaambia jambo moja. Nilipokuwa chini nilimtazama yule Mugambi. Kabla hajaanza kucheka, magoti yake yalikuwa yamekunjwa, na mikono yake miwili ilikuwa imefika masikioni. Aliponiona namtazama, akajifanya anajikuna. Mchana nikamuuliza, "Chawa wametulia?" Saa kumi akanigawia nusu ya uji wake.

Mimi sina hasira na Mugambi. Fundi, ninayo kidogo. Hasira yangu kubwa ni ya yule homugadi aliyeingia magotini mwangu bila hodi, akakaa humo, na akanifuata hadi sekondari bila pasi!

Mama msimwambie habari ya kaptura. Mwambieni inanitosha. Niandikieni upesi, hata mistari miwili, mniambie kama filimbi bado inalia huko kila asubuhi.

Na mkicheka, najua mtacheka, tafadhalini chekeni mkiwa mmesimama.

Mimi wenu,
Njagi