Mtamba wa Kufungulia Mchango

Saa nne asubuhi, Jumatatu ya pili ya Februari 1985, msichana wa darasa la sita aliingia katika duka la Shuriye mjini Isiolo akiwa na mkebe wa majani ya chai, na Shuriye akatumbukiza sarafu ndani yake.

Bwana mmoja mwenye tai nyekundu, aliyekuwa kwenye kaunta akijifanya kuchagua betri za tochi, alilishuhudia tukio hilo tangu mwanzo hadi mwisho. Alikuwa mgeni mjini, lakini tayari alijua kwamba Shuriye, mwenye duka na mchuuzi wa mifugo, hampi mtu kitu. Aliyemuuliza saa alielekezwa msikitini.

"Umempa kwa nini?" bwana huyo aliuliza.

"Mpira ya shule imepasuka."

"Wewe unacheza mpira?"

"Walal, ndugu yangu, angalia yule mtoto," Shuriye alisema. "Amevaa sare. Amesimama hapo, hasemi kitu, anakuangalia tu. Wewe utamwambia nini? Nunua betri ama uende."

Bwana huyo hakununua betri. Alitoka nje, akasimama kivulini, akamfuata msichana kwa macho hadi mwisho wa safu ya maduka. Hakuna duka lililomrudisha bure.

Jina la bwana huyo lilikuwa Kirimi. Kazi yake ilikuwa kuaminiwa. Katika mji mmoja wa nyanda za juu alikuwa ameuza tiketi za maonyesho ya kilimo ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameyapanga, na fedha za maonyesho hayo ndizo alizokuja nazo Isiolo, pamoja na mkoba wa ngozi, kitambaa cheupe cha kupangusia uso, na muhuri wa mpira aliochongesha River Road, Nairobi. Muhuri ulisema: MFUKO WA WATOTO WA NCHI KAVU. Mfuko wenyewe haukuwa na kitu kingine.

Kesho yake alikuwa ameketi mbele ya Bi Kagendo, mwalimu mkuu wa shule ya msingi alikosoma yule msichana. Bi Kagendo alikuwa mama mtulivu kutoka upande wa Meru, na alikuwa na tabia ya kumaliza kusahihisha sentensi aliyokuwa nayo mkononi kabla ya kumjibu mgeni.

"Habari ya Nairobi?" aliuliza hatimaye.

"Nairobi inalia, mwalimu. Inawalilia watoto wa huku. Mfuko wetu umeniambia: Kirimi, nenda ukawasaidie waliofilisiwa na ukame. Nami nikasema, nani atakayewachangia watoto vizuri zaidi kuliko watoto wenzao?"

Bi Kagendo alitazama nje ya dirisha. "Ukame wa mwaka jana umetuachia madawati matupu," alisema. "Kuna msichana, Asli. Alikuwa wa kwanza katika hesabu. Ng'ombe na mbuzi wa mama yake walikufa wote huko Garbatulla, akaitwa nyumbani kusaidia. Dawati lake liko pale. Mwenzake, Qabale, hataki mtu mwingine alikalie."

Kirimi alitoa kitambaa na kukipitisha machoni. Alikitumia kwa uangalifu, kama fundi atumiavyo randa.

"Watoto watapita mjini na mikebe," alisema. "Mikebe iliyofungwa kwa lakiri."

"Itafunguliwa wapi?"

"Makao makuu. Ikifunguliwa hapa, watu watasema."

"Watasema nini?"

"Ndiyo maana haifunguliwi hapa, mwalimu."

Bi Kagendo alisahihisha sentensi moja zaidi. Kisha akasema kuwa shule itashiriki, mradi kamati ya wazazi ikubali. Kama wakati huo alikuwa na shaka yoyote, hakuna aliyemsikia akiitaja.

Kamati ilikubali, na darasa la sita walitoka na mikebe Jumatano. Jioni walirudi nayo, na Kirimi akaitikisa mmoja mmoja. Ililia kama mikebe yenye kokoto chache. Mwaka ule fedha taslimu zilikuwa adimu Isiolo. Nyingi zilikuwa zimegeuzwa unga tangu zamani.

"Shida ni nini?" alimuuliza Qabale, ambaye ndiye aliyekuwa na mkebe wa chai siku ile dukani, na ndiye aliyekuwa kiranja. "Hamkuwaangalia watu vizuri?"

"Tumewaangalia, bwana. Wanauliza mambo."

"Mambo gani?"

"Babu yangu ameuliza mkebe unakamuliwa upande gani."

Babu yake, Mzee Jarso, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, alikuja mwenyewe asubuhi iliyofuata kufafanua swali lake. Alisimama mlangoni na fimbo yake, akakataa kiti.

"Nagaa, mgeni. Umefanya vizuri kukumbuka watu. Lakini mtu amefilisika hapewi chuma ya sarafu. Chuma atanunua unga, atakula, itaisha. Anapewa jike. Hiyo itazaa. Watu wanauliza, huyo Mfuko wako unapokea mbuzi?"

Kirimi alifikiri kwa muda uliohitajika kumkumbuka mchinjaji mmoja wa Nanyuki aliyekuwa na pupa na asiyeuliza maswali.

"Mzee wangu," alisema, "Mfuko unapokea chochote chenye uhai."

"Basi vizuri. Jumamosi, uwanja wa shule. Wewe utafungua."

"Nitafungua kwa sala?"

"Kwa mnyama. Aliyeita watu watoe, anatoa kwanza. Mbele ya macho. Hata mheshimiwa akija harambee, si anafungua? Sasa wewe umetoka Nairobi, huwezi kufungua na kuku."

Kirimi alilitazama jambo hilo kama mkulima anavyotazama mbegu. Kile ambacho angekitoa Jumamosi kingerudi mkononi mwake pamoja na vya wengine, na kadiri mfunguzi alivyotoa kikubwa ndivyo waliomfuata walivyoona haya kutoa kidogo. Hesabu hiyo haikuwa na kosa. Alikwenda kwa Shuriye.

"Nataka ng'ombe. Maksai mzee atafaa, bora awe mkubwa."

"Maksai?" Shuriye alicheka hadi akashika kaunta. "Wallahi watakufukuza na mawe. Mama maskini atakamua maksai wapi? Chukua hii mtamba. Nyekundu, haijazaa bado, imebaki na nyama hata baada ya ukame. Inakungoja wewe."

"Bei yake ni ya wazimu."

"Bei ni ya mwaka huu. Mwaka jana zilikuwa nyingi, zikakufa. Kwani unanunua ya nani? Si ya kutoa?"

Kirimi alifungua mkoba na kuhesabu noti. Maonyesho ya kilimo yote, ukiondoa kiasi kidogo cha kukodi lori, yaligeuka mtamba mwekundu.

Jumamosi mtamba alipita mbele ya watu uwanjani. Kisha wakaanza. Mbuzi walikuja kwa kamba, kwa kubebwa, kwa kusukumwa. Mfanyabiashara wa miraa alileta wawili. Mwalimu wa hesabu alileta mmoja na kumkabidhi kwa uso wa mtu anayeng'olewa jino. Wa mwisho alikuwa Qabale, akimvuta mbuzi mweupe mwenye sikio moja jeusi.

"Huyu ni handura yangu," alisema. Handura ni mnyama ambaye mtoto wa Kiborana hupewa anapozaliwa, na kuanzia hapo ni wake na uzao wake ni wake. "Anaitwa Adi. Hapendi kuvutwa upande wa kushoto. Ni wa Asli."

"Mfuko utamfikishia," Kirimi alisema.

"Nitamfikishia mimi," alisema Qabale, lakini makofi yalikuwa mengi na Kirimi hakusikia.

Jumapili mbuzi walikuwa katika zizi la kukodi nyuma ya soko la mifugo, na Kirimi alikuwa na furaha ambayo haikudumu hadi chakula cha mchana. Kwanza aliambiwa kuhusu karantini. Idara ya mifugo ilikuwa imezuia mnyama yeyote kuvuka kizuizi cha kusini mwa mji bila kibali cha daktari wa mifugo. Mashariki, kuelekea Garbatulla, ruhusa. Kusini, marufuku.

Basi akajaribu kuuza papo hapo. Shuriye alikuja zizini, akazunguka, akashika masikio.

"Hii mbuzi ni ya nyumba ya Jarso. Hii ya yule mama wa chai. Hii ya mwalimu wa hesabu, angalia, hata inafanana na yeye. Siwezi nunua."

"Nitakupunguzia."

"Hata ukinipa bure. Ijumaa nitasimama msikitini na wenyewe, bega kwa bega. Watauliza handura ya mtoto imefika aje kwa boma yangu. Nitasema nini? Nimeiokota?"

Watoto nao walikuja kila jioni baada ya masomo. Kila mmoja alimwita mbuzi wake kwa jina, akamkagua meno na kwato, akamuuliza Kirimi amekunywa maji mara ngapi. Siku ambayo mmoja alichechemea, Kirimi aliulizwa na watu wasiopungua kumi kabla hajafika kwenye chai. Alilazimika kununua nyasi. Aliwahi kuwa na madeni yaliyomfuata kwa upole zaidi.

Ilibaki njia moja. Upande wa magharibi kulikuwa na barabara mbovu ipitayo Kipsing, isiyo na kizuizi, ambayo hatimaye humfikisha mtu Nanyuki. Kirimi alikodi lori kwa fedha alizobakiza na kumwagiza dereva aje Ijumaa saa saba kasoro, wakati wanaume wangekuwa kwenye sala na watoto darasani.

Ijumaa saa saba kasoro alifika zizini. Mbuzi walikuwa wamekwisha pakiwa, na mtamba pia. Katikati yao, juu ya mabunda ya nyasi, walikuwa wameketi darasa la sita, sare zote zimepigwa pasi. Mzee Jarso aliketi pembeni na fimbo yake. Bi Kagendo alikuwa ndani, kiti cha mbele, katikati.

"Mwalimu," Kirimi alisema. "Hii ni nini?"

"Somo la jiografia," alijibu Bi Kagendo. "Mgao wa mvua katika wilaya. Tulisikia umekodi lori. Panda, Bwana Kirimi, tumekungoja."

"Lakini watoto, barabara ni mbaya..."

"Anayetoa mnyama ndiye anayekabidhi kamba," Mzee Jarso alisema kutoka juu. "Bila hivyo hujatoa, umepoteza tu. Wewe pia. Nani atakabidhi mtamba yako?"

"Nilikuwa na miadi na afisa mmoja."

"Afisa atakuwepo Jumatatu," alisema Bi Kagendo, na kumgeukia dereva. "Tuondoke."

"Garbatulla?" dereva aliuliza. "Mimi nimeambiwa Kipsing."

"Umeambiwa vibaya," alisema Bi Kagendo.

Lori lilielekea mashariki. Kirimi aliketi dirishani, mkoba magotini.

Makabidhiano yalifanyika Jumamosi asubuhi, Garbatulla, mbele ya watu waliokuwa wametembea kutoka pande zote. Kila mtoto alishika kamba, akataja jina la mbuzi na tabia zake, akamwekea mpokeaji kamba mkononi. Qabale alimkabidhi Asli kamba ya Adi. Asli alikuwa amekonda. Qabale alirudia habari ya upande wa kushoto.

Mtamba alipewa mama yake Asli, mjane aitwaye Dahabo. Kirimi alishika kamba kwa mkono mmoja, na ilimchukua muda kidogo kuufungua mkono huo. Kisha wazee walimbariki. Baraka za watu waliopotezewa kila kitu na kurudishiwa kidogo huwa ndefu, na hizi zilitolewa juani.

Alipopata nafasi aliuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka tu kujifunza, kama mtoaji ana haki yoyote baadaye.

"Ana haki kubwa," Dahabo alisema. "Anakuja wakati wowote kuuliza hali yake."

"Na kumchukua?"

Watu walicheka sana. Mzee mmoja alimpiga begani na kusema kwamba watu wa Nairobi wana utani.

Dahabo alimtazama mtamba, kisha binti yake. "Sasa kuna kitu hapa nyumbani," alisema. "Maziwa ya mbuzi leo, ya ng'ombe akizaa. Asli arudi na lori. Mwalimu, dawati lake bado liko?"

"Liko," alisema Qabale, ingawa si yeye aliyeulizwa.

Kwa kuwa mgeni haachwi aondoke mikono mitupu, Kirimi alipewa mbuzi dume, aliyehasiwa, wa kula njiani. Alimshika kamba vizuri sana.

Lori lilirudi Isiolo Jumapili mchana. Kirimi alishuka kabla ya shule, akaaga kwa adabu, na kutembea kusini na mkoba wake na mbuzi wake. Hakuwa na nauli. Mbuzi ndiye aliyekuwa nauli, pindi tu atakapomfikia yule mchinjaji wa Nanyuki. Kwenye kizuizi askari alinyanyua mkono.

"Kibali ya mbuzi?"

"Afande, ni mmoja tu."

"Ugonjwa hauhesabu."

"Nimepewa zawadi. Na watu. Kwa moyo wao."

"Kila mtu hapa amepewa," askari alisema. "Sijawahi kukutana na mtu ameiba."

Kirimi alifungua mkoba, akatoa muhuri, akaueleza kwa ufasaha wote aliobaki nao. Askari aliusoma polepole.

"Huu ni wa watoto. Mimi nataka wa daktari wa mifugo." Alifikiri. "Sikiza. Naweza kukupeleka kituoni, wewe na mbuzi. Ama uitoe mchango. Kuna mtu wa tai nyekundu hapa mjini anakusanya mbuzi za ukame, anazipeleka shuleni. Mtu mzuri sana, wanasema. Unamjua?"

Kirimi alisema alikuwa amemsikia. Tai ilikuwa mfukoni. Alimkabidhi askari kamba, na akaonekana akivuka kizuizi kwa miguu, peke yake, akielekea kusini.

Mbuzi alifikishwa shuleni Jumatatu. Kamati ya wazazi ilikaa na kuamua kwamba, kwa kuwa ni dume lililohasiwa na halingemfaa aliyefilisika, aliwe. Alipikwa Jumatano na wali, na darasa la sita wakala chakula cha mchana wote, pamoja na Asli, aliyerudia sahani mara mbili.