Chochote Kinachoingia Kwenye Glavu

Jumatatu, 13 Januari

Nimegundua kwa nini sina pesa. Matambara! Leo nimefuta bomba la mteja kwa tambara langu, nikalitupa, nikarudi nyumbani nikipiga mluzi. Nani kalipia tambara? Mimi. Nani hulipia tepu nyeupe, gundi, msasa, risasi ya kuchomelea? Mimi. Miaka yote hii nimekuwa mfadhili wa mabomba ya mji mzima na hakuna aliyenishukuru.

Kuanzia kesho kila kitu kinaingia kwenye bili kwa jina lake.

Mke wangu Sirkka alinisikiliza huku akikanda mkate wa iliki. Akasema kaka yake, Tauno, huongeza kidogo tu kwenye bei ya saa, vitu vidogo vinajilipa humo humo, na wateja hawalalamiki. Tauno, Tauno! Mwanamke ameolewa na mimi lakini hesabu zote ni za kaka yake. Ndiyo, Tauno ana mafundi sita. Ana magari yenye jina lake ubavuni. Langu lilikuwa na jina pia, baridi ya mwaka juzi ikalibandua.

Ijumaa kamati ya klabu ya mchezo wa kutelezesha mawe kwenye barafu inachagua fundi wa kuweka mabomba kwenye vyumba vipya vya kuogea. Kazi ya kunivusha hadi theluji iyeyuke. Walioomba ni wawili, mimi na Tauno. Nikiikosa, benki wanachukua gari, nami nakuwa kibarua wa shemeji yangu. Ameshaniuliza saizi ya koti la kampuni. Aliuliza kwa upole. Upole huo ndio unaoniuma.

Jumanne, 14 Januari

Baridi nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri. Bomba limepasuka jikoni kwa Bi Maureen Trudel, na Bi Maureen ndiye mwenyekiti wa kamati. Bahati iliyoje! Nimemwonyesha fundi wa kisasa anavyofanya kazi.

Nilichomeka waya wa kupashia injini joto isigande kwenye soketi yake ya nje, kama tunavyofanya sote huku, nikaingia. Kahawa tayari, pai ya tufaha tayari. Nikapima tepu kwa rula kabla ya kuikata. Aliniuliza napima nini. Nikamwambia, uwazi. Akaniuliza uwazi wa nini, Arvo, bomba lenyewe si limeshakuwa wazi vya kutosha? Ana utani, yule bibi.

Bili aliisoma mezani, polepole, miwani puani. Alifika kwenye kijiti cha kiberiti akasimama. Nikamfafanulia kwamba nilitumia vijiti viwili, lakini kimoja kilizimika kwa uzembe wangu, hicho sikumtoza. Alinitazama kwa muda mrefu. Nadhani uadilifu wangu ulimgusa. Alilipa yote papo hapo.

Kipande cha pili cha pai hakikuletwa. Labda kiliisha.

Jumatano, 15 Januari

Siku mbaya. Niandike upesi kabla sijaanza kuitetea.

Nilirudi kwa Bi Maureen kumalizia pampu ya chumba cha chini. Nikachomeka waya wa gari. Akaniuliza kwa upole nitauacha hapo kwa muda gani. Nikasema hadi jioni, baridi hii si ya mchezo. Alivaa koti akatoka. Nikadhani anakwenda kuzoa theluji mlangoni.

Saa kumi nilipotoka, waya ulikuwa juu ya boneti, umezungushwa vizuri na kufungwa kwa utepe. Injini iliganda, haikukohoa hata mara moja. Bi Maureen alisimama mlangoni akasema, "Umeme ni kitu kidogo, Arvo, na sikuuona kwenye bili yako. Nikajua umekuja na wako."

Aliyekuja kunivuta ni nani? Tauno, bila shaka. Sirkka alimpigia yeye kabla sijamaliza kumkataza. Tumepita katikati ya mji, yeye mbele, mimi nyuma kwenye kamba kama mbuzi wa mnada, na waliokuwa mgahawani walikuja dirishani na vikombe vyao. Tulipofika alifungua kamba akasema, "Shemeji, vitu vidogo watu hupeana. Ukianza kuwahesabia, na wao wataanza kukuhesabia wewe."

Nikamwambia asante kwa kamba. Moyoni nilisema mengine.

Ijumaa, 17 Januari

Niandike kwa mpangilio.

Ukumbi wa klabu. Kamati nzima mezani. Bi Maureen katikati, glavu zake nyekundu za sufu mbele yake, zile za mfuko mmoja zisizotenganisha vidole. Tauno alianza. Alisema kila mwisho wa mwaka hujumlisha gharama ya vitu vyake vidogo vyote, anaigawa kwa saa zilizofanyiwa kazi, na kila saa inabeba mzigo wake. Vitu vikubwa anaviandika kimoja kimoja na bei yake. Mteja anajua analipa nini, fundi halii. Basi. Wakaitikia kwa vichwa wote kama wameambiwa jua linachomoza mashariki.

Zamu yangu. Bi Maureen akaniuliza kama na klabu italipia tepu kwa sentimita. Wakacheka. Hata mtunza hazina alicheka, mtu ambaye hata harusini kwake hakucheka. Nikaliona koti kwenye mkono wa Tauno. Alikuja nalo! Jipya, la bluu, na jina ARVO kifuani. Mwenyewe anadai alikuwa ametoka kulichukua dukani. Mdomo ukafunguka wenyewe bila kuniuliza.

Nikasema vitu vidogo vyote ni bure.

Mtunza hazina aliweka kikombe chini. Bi Maureen akataka kujua kidogo ni kipi. Hapo ningeweza kusema skrubu na tepu, nikakaa. Lakini nilishapata joto. Nikainyakua glavu yake mezani, nikaiinua juu, nikatangaza, chochote kinachoingia kwenye glavu hii!

Wakaandika hivyo hivyo kwenye mkataba. Wakapiga kura. Nimeshinda kwa kura moja!

Tauno alinipa mkono. Alinitazama kama mtu anayemwona mwenzake akitembea juu ya barafu ya Aprili inayoyeyuka. Wivu tu. Gari ni langu, mimi ni bosi wangu mwenyewe, na koti lile litafute Arvo mwingine.

Jumanne, 21 Januari

Kuna tatizo dogo.

Bomba lenyewe, lile refu, ni vipande vichache. Kazi iliyobaki yote ni kona, viungo, vibanio, vali, skrubu, gundi. Sikuwahi kulitazama bafu kwa jicho hilo. Bafu zima, kumbe, ni vitu vidogo vilivyoshikana.

Bi Maureen anakuja kila asubuhi na glavu. Anaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, anapokea kila kitu ninachotoa kwenye sanduku, anakijaribu. Kona, imeingia. Kiungo, kimeingia. Nilikuwa nategemea sana vali kubwa ya bafu, ni shaba tupu, ghali. Aliisukuma, ikagoma. Nikapumua. Akaivuta glavu pande zote mbili, akaisukuma tena, ikaingia yote. Sufu inavutika! Hakuna aliyelifikiria hilo, nikiwemo mimi niliyeitunga sheria yenyewe.

Nimepiga hesabu mezani jikoni. Sirkka alisoma juu ya bega langu. Alinishika tu shingo na mkono wake wenye unga. Hesabu inasema nailipa klabu ili iniruhusu kuifanyia kazi.

Na chumba cha wanaume lazima kiwe na maji Jumapili saa sita mchana, timu za ng'ambo ya ziwa zinakuja mashindanoni. Maji yasipotoka, mkataba umevunjika. Hilo nalo limeandikwa.

Alhamisi, 23 Januari

Jana jioni Tauno alipita. Hakuvua hata buti. Aliniambia niende kwa kamati, niseme niliteleza, niombe kiasi cha haki juu ya kila saa. Watakubali, alisema, wale ni majirani si mahakama. Nikamwuliza anafaidika nini. Akasema hataki dada yake ale wasiwasi chakula cha jioni. Nikamjibu kwamba dada yake anakula vizuri sana. Sirkka aliondoka chumbani.

Leo Bi Maureen aliniita jikoni mwa klabu. Alinimiminia kahawa mwenyewe, akaweka glavu mezani kati yetu. Akasema, "Arvo, mwanangu, sisi hatutaki fundi afilisike ndani ya jengo letu. Baba yako ndiye aliyetandika mabomba ya kwanza hapa. Una neno lolote la kuniambia?"

Nilitaka kusema. Ninaapa nilitaka. Pua ilianza kuniwasha, machozi yalikuwa karibu, na neno lenyewe lilikuwa rahisi: nimekosea. Angeninyooshea mkono, tungeandika upya, ningelala.

Kisha macho yangu yakatua kwenye glavu. Na wazo likaja, zima, tayari, kama limetumwa.

Kitu kidogo kikiungwa na kitu kidogo kingine, si kidogo tena!

Nikamwambia mambo ni shwari kabisa. Bi Maureen alikaa kidogo akinitazama. Akachukua glavu yake akasema, "Haya." Alionekana mnyonge. Umri, nadhani.

Jumamosi, 25 Januari

Nimo kwenye chumba cha chini ya nyumba yetu tangu jana. Naunga kila kitu hapa hapa kabla ya kukipeleka klabu. Kona, vali, viungo, vibanio, vyote vimechomelewa kwenye fremu moja. Kesho asubuhi nitaifikisha, niiunge sehemu mbili, maji yatoke. Bi Maureen aje na glavu yake. Aje hata na gunia! Kitu kimoja, kikubwa, na kwa mkataba wao wenyewe vitu vikubwa vinalipwa.

Sirkka aliteremka na supu ya samaki. Aliizunguka fremu, akatazama ngazi, akaitazama tena fremu. Akaniuliza nitaitoaje. Nikamwambia anazidi kufanana na kaka yake kila siku inayopita. Akaiacha supu kwenye ngazi akapanda juu.

Nimemaliza alasiri. Nimekaa mbele yake na bia. Inang'aa. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama hiki.

Jumapili, 26 Januari

Haitoki.

Haipiti ngazini. Haipiti dirishani. Nimeilaza, nimeisimamisha, nimeizungusha. Nimevunja taa, ukingo wa ngazi na rafu nzima ya jamu ya Sirkka. Saa tano nilikuwa nimekwama kati ya fremu na ukuta, jamu ya matunda ya porini ikinidondokea shingoni, nikisikia saa ya jikoni juu. Niliogopa. Si kuumia. Niliogopa ile saa.

Saa sita na dakika chache Bi Maureen alipiga simu. Sirkka alinishushia. Sauti ya Bi Maureen haikuwa na hasira hata kidogo, na hilo lilikuwa baya zaidi. Wachezaji wamefika, bafu ni kavu, kamati imempa Tauno kazi. Akasema anasikitika. Nikasema na mimi.

Tauno alikuja moja kwa moja kutoka kanisani, na suti yake. Aliipapasa fremu. Alisema michomeleo yangu ni mizuri, na sauti yake haikuwa ya kunicheka. Kisha akavua koti, akaleta msumeno, akaanza kuikata. Nilishika mwisho mmoja. Kila kipande kilipoanguka nilikiokota. Alivipakia vyote, na jioni maji yalikuwa yanatoka klabuni. Vipande vyangu vyote atavilipa. Gari litakwenda benki. Kesho naanza kwake. Sirkka alinipikia chapati za maziwa, nikalia kidogo juu ya sahani, na yeye akajifanya hajaona.

Lakini kuna jambo lazima niliandike. Tauno alimaliza makali matatu ya msumeno kwenye fremu ile. Matatu! Nikamwuliza atanitoza kiasi gani. Akacheka, akasema, "Achana nayo, shemeji." Hakunitoza makali. Hakunitoza mafuta ya gari. Suti imeingia jamu, hakuitaja.

Nimekaa hapa moyo ukinienda mbio kwa ajili yake. Ana mafundi sita, sasa saba. Mtu mwema kabisa, na hana habari kwamba anazama. Kesho nitafika kabla ya wengine wote, nimkalishe chini, nimfundishe jinsi ya kuandika bili.