Mheshimiwa Apakwa Dawa ya Mbwa

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeaibishwa. Mbele ya watu! Yule mama anayefanya kazi benki amelirudisha kochi lake la watu wawili. Amelishusha barabarani, akapandisha gauni kidogo na kuwaonyesha wapita njia mapele kwenye ugoko. Viroboto. Amesema kochi liliingia kwangu likiwa limechanika tu, limetoka na wadudu. Nikamwambia labda ni mbu. Akaniuliza ni mbu gani anayeishi ndani ya mto wa kochi. Watu wakacheka. Wengine ni wateja wangu.

Mhalifu namjua. Ana manyoya ya kijivu na miguu myeupe, na analala juu ya mabaki ya sponji yangu kana kwamba niliyanunua kwa ajili yake. Ni paka dume wa mama mkwe. Jina lake Mheshimiwa. Paka ana cheo, mimi fundi makochi wa miaka yote hii sina.

Lakini nisipandishe sauti. Nyumba ni ya mama mkwe, na chumba cha mbele nilichokigeuza karakana ni kwa hisani yake. Sasa shemeji, kaka mdogo wa mke wangu, amekitolea macho. Ni kinyozi. Anataka kuweka kioo kikubwa na kiti cha kuzunguka. Mama anasafiri kesho kwenda kumwuguza dada yake aliyefanyiwa upasuaji, anarudi Jumapili. Amesema akirudi ataamua chumba kiwe cha nani. Halafu akanikabidhi paka. Si kwa mke wangu, si kwa shemeji. Kwangu! Akasema nimtunze, amkute alivyomwacha.

Alivyomwacha? Mimi nitamkabidhi paka bora kuliko alivyomwacha. Bila kiroboto hata mmoja. Ataona mwenyewe nani ni mtu wa maana katika familia hii. Shemeji akanyolee watu uani.

Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda duka la dawa za mifugo. Muuzaji amesema dawa ya matone ya paka imeisha, mzigo unaingia wiki ijayo, nisubiri. Nisubiri! Mama yupo njiani anarudi, halafu mimi nisubiri mzigo? (Kweli ndiyo kwanza ameondoka, lakini siku hazigandi.)

Kwenye rafu nikaona dawa ya viroboto na kupe ya mbwa wakubwa. Nikatoka nje, nikahesabu pumzi, nikarudi na sura ya mtu mwenye mbwa. Muuzaji akashangaa kidogo. Akaniuliza mbwa wangu ana ukubwa gani. Nikamwambia kama kochi la watu wawili. Akanipa, na bila kuulizwa akanionya nisimpake paka wangu, hata kidogo, hata kwa bahati mbaya. Kwenye boksi pia kuna picha ya paka aliyepigwa mstari mwekundu. Ujanja wa biashara huo. Ukiwa na mbwa na paka, wanataka ununue dawa mbili. Mimi si wa kuchezewa hivyo.

Kipimo nimekitafuta kitaalamu. Kochi la watu watatu linakula kitambaa kiasi fulani, stuli inakula sehemu ndogo ya hicho, yote ni suala la vipimo. Nikachukua futi ya kamba, nikavuka barabara hadi kwenye ghala, nikaomba kumpima mbwa wa mlinzi kuanzia puani hadi kwenye mkia. Mlinzi akaniuliza kama namshonea suti. Mbwa alinguruma lakini nilipata namba. Halafu nikampima Mheshimiwa akiwa amelala. Hafiki nusu ya mbwa. Kwa hiyo dawa yake ni chini ya nusu ya kichupa.

Nikaongeza kidogo. Fundi yeyote anajua kwamba lazima uongeze ya upindo.

Jumatano, 6 Machi

Asubuhi, mke wangu alipotoka tu, nikampaka. Ameniuma kidole gumba! Nimefanya kazi na misumari, pini na bunduki ya kupigilia vitambaa, na hakuna kilichowahi kunitoboa hivyo. Lakini nikashinda. Nilimwaga kuanzia shingoni hadi kwenye mkia, nikasambaza kwa brashi ya gundi, safi kabisa.

Kufikia adhuhuri masikio yake yanacheza. Nikafurahi. Nikasema viroboto wanahama.

Baadaye akaanza kutoa udenda. Kidevu chote kimelowa. Shemeji akapita kuchukua mkasi wake, akamtazama, akauliza paka ana nini. Nikamjibu anamkumbuka Mama. Shemeji akasema yeye pia anamkumbuka Mama na hatokwi na udenda. Ana mdomo huyu kijana!

Halafu Mheshimiwa akasimama, akatembea kama kochi lenye mguu mmoja mfupi, akaanguka. Mwili mzima ukawa unatetemeka, ngozi inacheza yenyewe. Macho yamekuwa meusi tupu. Nikamwita jina, hakugeuka. Hapo niliogopa. Naandika ukweli kwa sababu hakuna atakayesoma hapa: niliogopa sana.

Mke wangu aliingia wakati huohuo kutoka kazini. Hakuuliza kitu. Akavua mtandio, akamfunga paka, akatoka mbio kwa daktari wa mifugo. Mimi nyuma.

Daktari ni dada mdogo kabisa, anaweza kuwa mwanangu. Akaniuliza paka amepewa nini. Nikasema hakuna. Akauliza tena. Nikasema labda amekula mjusi. Akaacha kumshika paka, akanitazama.

"Mzee, nikimtibu ugonjwa nisioujua, atafia mikononi mwangu. Amepakwa nini?"

Mzee! Lakini Mheshimiwa alikuwa anagonga kichwa mezani kwa kutetemeka, na mke wangu amefumba macho. Nikasema huenda shemeji alimpaka kitu. Ni kinyozi, wana madawa mengi. Daktari akaomba kuiona hiyo dawa. Nikatoa kichupa mfukoni.

Mke wangu akafumbua macho. Akauliza taratibu dawa ya kaka yake imefikaje kwenye suruali yangu. Swali zuri.

Daktari akasoma maandishi na kushusha pumzi. Akaeleza kwamba dawa hii ina permethrini. Mwili wa mbwa unaivunjavunja na kuitoa, mwili wa paka hauwezi, inabaki ndani na kuwasha mishipa ya fahamu. Akauliza nimeweka kiasi gani. Nikamweleza hesabu, pamoja na upindo. Aliniomba nirudie. Nikarudia. Akamwita msaidizi wake aje naye asikie. Sikuona kwa nini.

Alhamisi, 7 Machi

Mheshimiwa amelala kwa daktari. Jana walimchoma sindano ya kutuliza misuli, wakamwosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Sabuni ya vyombo! Mtu amesoma miaka yote hiyo, halafu anaosha paka kama sufuria. Nililisema hilo. Daktari akajibu kwamba dawa imo kwenye mafuta, na mafuta yanatolewa na sabuni, na kwamba angekuwa na muda wa kunifundisha zaidi kama nisingepoteza muda wake kwa mjusi.

Leo bado anatetemeka. Mrija umo mguuni, wamemnyoa hapo. Daktari amesema hawezi kuahidi kitu. Akishindwa kula mpaka kesho, hali itakuwa mbaya. Akaniambia nimshikie taulo lisiteleze, asipate baridi. Nikamshikia. Ni mdogo sana akiwa amelowa. Sikujua kwamba ndani ya manyoya yote yale kuna kitu chepesi hivyo. Nimemwambia apone, sponji yote ni yake, ya bei kubwa na ya bei ndogo. Msaidizi wa daktari alinisikia. Nikajifanya naongea na simu.

Mke wangu haongei na mimi. Anaweka chakula mezani na kuondoka. Chumvi haipo, na nina hakika si bahati mbaya.

Mama akapiga simu. Akamuulizia Mheshimiwa kabla ya kuniuliza mimi. Nikamwambia amelala. Nikasema kweli tupu.

Ijumaa, 8 Machi

Mtu mwenye akili hujiandaa kwa lolote. Itakuwaje Mheshimiwa akifa? Chumba kimekwenda, na Mama ataniangalia kwa yale macho yake hadi nife. Nimekumbuka kwamba bucha la kona lina paka wa kijivu mwenye miguu myeupe. Ukimtazama kutoka mbali, ni yuleyule. Na Mama huwa havai miwani nyumbani.

Nikaenda na boksi la sponji, nikanunua vipande vya ini. Mwuza nyama akauliza ini ni la nani wakati nimelinunua kwake dakika hiyohiyo. Nikasema la mgonjwa. Paka akaingia kwenye boksi mwenyewe kwa njaa, nikafunga, nikaondoka. Nilipofika katikati ya barabara chini ya boksi kukachanika. Yule si paka, ni shoka! Amenipitia mkono wote. Nimefika nyumbani nimemkumbatia kwenye shati, tumechoka wote wawili.

Mke wangu akamtazama. Akainua mkia. Akasema neno la kwanza tangu Jumatano.

"Huyu ana mimba."

Mwuza nyama amekuja kumchukua mwenyewe, na kisu chake kiunoni. Shemeji alikuwa mlangoni anacheka hadi ameshika ukuta. Nimemwambia asubiri Jumapili tuone nani atacheka.

Jioni daktari amepiga simu. Mheshimiwa amekula. Samaki kidogo, na kutetemeka kumepungua. Nilikaa chini, pale pale nilipokuwa, juu ya pini.

Jumapili, 10 Machi

Jana tulimrudisha. Amekonda, mguu mmoja umenyolewa, ananuka limau la sabuni. Daktari ametoa maagizo marefu na akanitazama mimi peke yangu. Nisimpake wala kumpa kitu chochote bila kumwuliza, hata wanachokiita cha asili, kwani vipo vya jikoni vinavyomwua paka. Akipata nguvu, aletwe, apimwe uzito kwa mizani na kupakwa dawa ya paka, halafu aangaliwe. Kuna paka ambao hata dawa yao wenyewe huwanyonyoa manyoya pale ilipodondoka, au huwatoa udenda wakiilamba, na hapo daktari apigiwe simu mara moja. Kwa sasa tumchane kwa kitana chembamba na tufue kila anapolalia. Akamalizia kwamba viroboto wengi hawako kwenye paka, wako nyumbani, hasa kwenye vumbi la sponji. Yaani mchafu ni mimi!

Mama ameingia leo mchana. Nilikuwa nimeandaa maelezo: hali ya hewa, mjusi, umri wa paka. Sikuyafikia. Shemeji alishampigia simu. Mama akakaa, akampakata Mheshimiwa, akamnusa shingoni, akapapasa ule mguu ulionyolewa. Afadhali angepiga kelele.

"Nilikuachia mmoja tu, baba."

Basi. Sikuweza kumtazama, nikawa naokota manyoya kwenye suruali yangu. Baada ya chai akatamka hukumu. Chumba cha mbele ni cha shemeji. Mimi nihamie kibaraza cha nyuma.

Dhuluma! Paka amepona! Kuna nyumba ngapi zenye paka aliyekufa na mkwe bado ana chumba?

Jumatatu, 18 Machi

Wiki nzima nipo kibarazani. Mvua ikija kwa upande, inaniingilia kwenye gundi. Mbele nasikia mashine ya kunyolea na kicheko cha shemeji. Ameweka redio. Hata yule mama wa benki amempeleka mume wake kunyolewa.

Jambo moja sikulitarajia. Mheshimiwa amenifuata huku. Chumba kina zulia jipya, yeye amelala miguuni pangu juu ya mabaki ya sponji. Nikiinuka, anainuka. Mke wangu anasema wanyama hawana akili ya kuweka kinyongo. Mimi nasema ametambua nani alimshikia taulo. Naona haya kuandika hivi, lakini nampenda sana yule paka. Kwa mara ya kwanza Mama ametupita hapa asubuhi akatabasamu. Akasema kama mambo yataendelea hivi, ataliangalia tena suala la chumba.

Ataliangalia tena! Kumbe njia bado ipo.

Leo nikimkuna nimeona kupe nyuma ya sikio. Mnene. Nimekasirika kama vile amening'ang'ania mimi. Daktari hapokei simu, msaidizi anasema yuko kwa ng'ombe, nimlete kesho saa tatu. Kesho! Na Mama anarudi kutoka kwa jirani jioni hii, na kitu cha kwanza anachoshika kwa huyu paka ni masikio.

Dawa ya mbwa sirudii, si mjinga. Lile lilikuwa kosa la kiwanda. Safari hii kitunguu saumu, nimekitoa jikoni kwetu wenyewe. Tunakula kila siku, na hakuna boksi lake lenye picha ya paka aliyepigwa mstari. Daktari alitaja vya asili, najua, lakini alikuwa amechoka siku ile. Kidogo nitapaka sikioni, kingine nitachanganya na samaki wake ili kifanye kazi kutokea ndani. Kwa kipimo nimechukua futi. Amekonda, kwa hiyo nimepunguza punje moja. Halafu nikairudisha kwa ajili ya upindo.

Mke wangu yupo kazini. Nimeponda, nimechanganya, nimemwita. Amekuja mwenyewe, mkia juu.