Samaki wa Wembe Wamegoma

Habari iliyotawala benchi letu ni kwamba samaki wa Wembe wamegoma kuonekana. Wembe ni kinyozi wetu, na benchi liko ndani ya saluni yake, limetazamana na tangi la vioo lililomeza karibu ukuta mzima. Humo alimwaga samaki wadogo wadogo wa kutembea kwa makundi, kila mmoja saizi ya kidole cha mtoto, wana mstari mwekundu ubavuni. Wiki nzima tunaangalia maji, majani na bomba la hewa. Basi.

Na si mchezo. Mkewe aliitaka nafasi ile aweke kiti cha kukaushia nywele, aanze kuhudumia wanawake. Wembe akamwomba wiki moja tu, samaki walete wateja. Wiki yenyewe ndiyo ilikuwa inaisha, na mwenzetu alikuwa amekonda uso.

"Bwana, ulinunua samaki au uliuziwa maneno?" aliuliza Mkurugenzi. Huyu hajawahi kuongoza hata kikao cha harusi, ila koti analo.

"Niliwaona kwa macho yangu wakiingia! Muuzaji kaniambia hawa hawawekwi wawili wawili, wanakuwa waoga. Weka umati, watachangamka."

"Sasa umati umechangamkia wapi? Nyuma ya bomba?" Mkurugenzi akagonga kioo kwa pete yake, ko ko ko. "Hodi humo ndani! Tokeni, mnatuaibishia mwenyeji!"

Betri, fundi simu, akawasha tochi akabandika uso kwenye kioo mpaka pua ikawa bapa. "Tulieni! Naona jicho! Naona jicho!" Sote tukaruka. "Ah. Ni langu."

Mteja mmoja akaingia, akalitazama tangi, akatutazama sisi. "Hongera kwa maji," akasema, akaketi kunyolewa. Wembe akamfunga shuka, akawasha mashine.

"Tatizo lako ni uongozi," Mkurugenzi aliendelea. "Kundi bila mkubwa ni vurugu. Tia samaki mmoja mkubwa, mwenye kitambi, awapange."

"Mkubwa akiingia si atawala?"

"Ndiyo uongozi wenyewe huo! Unadhani wakubwa huwa wanapanga bure?"

"Mimi nasema muziki," alidakia Betri. Akaegemeza spika kwenye kioo, akafungulia mpaka maji yakatetemeka. Nami, nisije nikaonekana sina mchango, nikapiga makofi na kuita, "Jitokezeni, msiogope, sisi ni watu wazuri!" Tulikuwa tumejitolea kwa moyo mmoja, Mungu shahidi.

Hapo mke wa Wembe akaingia na futi ya fundi cherehani. Hakusalimia. Akapima tangi, akaandika kiganjani. Wembe aliganda na mashine mkononi, nusu ya kichwa cha mteja bado ina nywele.

"Mama watoto, leo haijaisha," alisema kwa sauti ya mtu anayekata rufaa.

"Najua. Lakini samaki wako wapo, baba watoto."

"Wapo?"

"Kila asubuhi nikija kufagia, tangi lote jekundu. Wanakwenda huku pamoja, wanageuka pamoja, mpaka nasahau ufagio. Hawa waheshimiwa wakifika tu, ko ko ko, hata mkia huoni."

"Sasa shemeji," nikasema, "mbona ulinyamaza siku zote hizo?"

"Nilitaka nafasi, shemeji. Nisingemsaidia anishinde. Ila wamenizoea wale samaki, na mimi nimewazoea." Akaja upande wetu. "Hebu inukeni kidogo."

Tukainuka. Akapima benchi. Akapima tena. Akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Kiti changu kinaenea hapa hapa, na nafasi inabaki."

Tukamgeukia Wembe. Miaka yote tumekaa pale. Tumemfariji alipoibiwa mashine, tumemsifia hata aliponyoa watu upogo. Akamwangalia mkewe, akaliangalia tangi, akatuangalia sisi, na machozi yakamlengalenga.

"Jamani," alisema taratibu, "hebu tokeni kidogo, tujaribu tu."

Tukatoka. Tukasimama ng'ambo ya barabara kama watoto waliofukuzwa darasani. Haukupita muda, nyuma ya bomba likachomoza doa jekundu moja, likafuatwa na jingine, mara tangi lote likawaka. Wapita njia wakaanza kusimama mlangoni. Mteja wa nusu kichwa alikuwa anacheka. Wembe naye alikuwa anacheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Wasaliti," alisema Betri.

"Tusidhalilike," alisema Mkurugenzi, akirekebisha koti. "Fundi cherehani pale chini ana benchi zuri, na huwa mpweke. Twendeni."

Tukashuka sote, bega kwa bega, tukibishana nani akae karibu na cherehani. Fundi akainua kichwa, akatuona. Kufumba na kufumbua, mlango ulikuwa umefungwa na taa imezimwa.

Mkurugenzi akainua pete yake, akaanza kugonga.